Pua ya Bi Arusi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukunda. Joto. Nimeiacha kazi ya hoteli Diani. Meneja anadai yeye ndiye aliyeniacha. Tunatofautiana.

Wazo limenijia nikipita kwa Chome. Nilisoma naye, na katika sayansi hakuwahi kunishinda. Leo ana chumba cha kutoga na kuchora tatuu. Leseni ukutani, glavu mikononi, wasichana wamejaa kwenye benchi. Nimemtazama dirishani. Anachoma, anatia kipini, basi. Tundu tu! Hata mchwa hutoboa.

Dada yangu Hanifa ni fundi cherehani, nami naishi kwake. Sebule ipo. Sindano zipo. Nimeandika kwenye boksi: SWABIR, TOGA KISASA. SIKIO, PUA, KITOVU. Hanifa ameuliza kazi hiyo nimejifunza wapi. Nimemwambia kwenye simu. Ameuliza ni nani aliyenipigia.

Jumanne, 5 Agosti

Jaribio la kwanza: sikio langu mwenyewe, pale juu penye ugumu. Limefaulu. Baada ya kufaulu nilijilaza sakafuni kidogo. Hanifa anadai nilizirai, akanizindua kwa maji ya vyombo. Sindano nimeipangusa kwa shati.

Alasiri, mteja! Twaiba, binti wa jirani yetu Bi Mapenzi. Anaolewa Ijumaa. Mchumba wake ni mwalimu huko Msambweni, amemletea kipini cha dhahabu. Chome amemkatalia. Eti pua huchukua wiki nyingi kupona, arudi baada ya fungate. Tena amemwuliza kama amechanjwa pepopunda! Nimecheka sana. Mtu akiogopa kazi hutafuta ugonjwa wa kuisingizia.

Twaiba alikaa kando ya cherehani akaniuliza, "Kaka Swabir, lakini wajua kweli?"

Nikamwambia najua. Akanitazama vizuri, kisha akafumba macho.

Barafu puani. Marashi ya Hanifa kwenye sindano, kwa usafi. Kidole changu kidogo nilikitia ndani ya pua kuzuia. Sindano ikapita pua, ikafika kidoleni. Tulipiga kelele pamoja. Tundu limekwenda upande kidogo. Nimemwambia ndio mtindo wa Dubai.

Jumatano, 6 Agosti

Pua ya Twaiba imevimba. Nimemweleza kwamba inakikaribisha kipini. Sikio langu nalo linakaribisha, kwa bidii. Nimetengeneza dawa ya chumvi, kitunguu saumu na dawa ya meno. Twaiba amelia. Bi Mapenzi nimempa shikamoo mara mbili. Marahaba haikuja.

Jioni amefika Chome. Ameliinamia sikio langu bila kuligusa. Amesema niende hospitali leo hii, na bi arusi naye aende, pikipiki yake iko nje. Wivu wa biashara huo. Nimemwambia milango ya riziki ni mingi, asinizibie wangu. Ameondoka akitikisa kichwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mteja mwingine! Mama nadhifu, viatu vya ofisini, jina lake Bi Eunice. Nimempendekezea kitovu. Nimemhakikishia kwamba umri si kizuizi.

Yeye akawa na maswali. Sindano natumia ngapi? Nikasema kwa fahari: moja, hapa hakuna israfu. Nikishatumia naitupa wapi? Nikamwonyesha kimto cha sindano cha Hanifa. Na mtoto akija bila mzazi? Nikasema mtoto nitampunguzia bei.

Ni afisa wa afya ya umma.

Amesema kutoboa ngozi za watu bila leseni ni kosa, na kwamba nitaitwa mahakamani. Sebule imefungwa kwa kufuli. Cherehani imo ndani, na nguo za harusi za watu zimo ndani. Hanifa alianza kuwahesabu wenye nguo kwa vidole. Ningependelea anitukane.

Kisha Bi Eunice akauliza sindano ile ilianzia wapi. Nikamwambia. Akanieleza safari yake polepole kana kwamba anamfundisha mtoto njia ya dukani: imetoka sikioni mwangu, imeingia puani mwa Twaiba, imerudi kidoleni mwangu. Damu imekwenda na kurudi. Sote wawili tupimwe na tuanze dawa za kinga leo, si kesho.

Twaiba tulimkuta kitandani. Homa, na jicho moja limeshaziba kwa uvimbe. Bi Mapenzi alikuwa anampepea kwa upawa, alivyochanganyikiwa. Tumepelekwa hospitali Msambweni kwa gari la Bi Eunice. Njiani nilitaja mvua. Haikusaidia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelazwa. Sikio limepasuliwa kutoa usaha. Daktari anasema umbo lake halitarudi. Vipimo vya kwanza ni salama, vyangu na vya Twaiba, lakini vitarudiwa.

Nilidhani harusi imevunjika. Kumbe ndoa haihitaji pua. Baba yake Twaiba amemwozesha msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na bwana arusi amekuja wodini moja kwa moja, kanzu na joho. Wagonjwa walipiga vigelegele.

Nilikwenda kuwapongeza. Bi Mapenzi akasimama mlangoni kama komeo. Twaiba akamwomba aniache nipite. Nusu ya uso wake ilikuwa bandeji. Mikono imejaa hina, na juu ya hina wamebandika plasta ya dripu.

"Nilikuuliza, kaka Swabir," akasema. "Ungeniambia hujui, ningekwenda kwa mume wangu na pua yangu."

Hakupandisha sauti. Mwalimu alikuwa amekishika kile kipini kiganjani, hajui akiweke wapi.

Nilirudi kitandani. Wali ulipoletwa sikula.

Jumatano, 20 Agosti

Mahakamani, Kwale. Nimekiri, kisha nikajitetea kwamba Twaiba aliridhia. Hakimu amesema mtu aliyefichwa hatari hajaridhia, amedanganywa, na kwamba sebule haigeuki zahanati kwa kuandikiwa boksi. Watu wamecheka. Wengine walikuwa majirani.

Hukumu: kuitumikia jamii, nifagie zahanati kila asubuhi. Tena nisitoboe ngozi ya mtu yeyote maisha yangu yote. Alilisema neno hilo kwa mkazo: ngozi.

Twaiba alikuja kutoa ushahidi. Uvimbe umeisha, kovu limebaki, kama punje ya mchele. Aliponipita alinisalimu. Nimeshindwa kujua nitazame wapi.

Hanifa amefunguliwa sebule yake. Ameniruhusu kurudi kwake, ila sindano amezihamishia chumbani kwake, na ufunguo anaufunga kwenye kanga.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimefagia zahanati vizuri. Kwenye benchi palikuwa na mzee mmoja wa Ramisi, aliyewahi kukata miwa shambani. Amenilalamikia kwamba tangu ujana wake anatamani jino la dhahabu, lakini daktari wa meno amemtajia bei hadi akasahau maumivu yaliyomleta zahanati.

Nikaegemeza ufagio.

Jino si ngozi. Jino ni mfupa! Hakimu mwenyewe hakulitaja. Na wazee wenye meno na tamaa ni wengi kutoka Ramisi mpaka Matuga.

Nimenunua gundi ya mafundi viatu. Dhahabu nimeipata kwenye karatasi ya chokoleti. Sikukurupuka, nimeanza na jino langu mwenyewe, maana mimi ni mtu wa tahadhari. Matokeo yamepita matarajio. Dhahabu imeshika. Mdomo wa juu nao umeshikana na wa chini tangu adhuhuri, jambo linaloonyesha ubora wa gundi. Hanifa anauliza nimefanya nini tena, na siwezi kumjibu hata nikitaka.

Mzee nimemtumia ujumbe. Aje Jumatatu. Haiumi.