Friza Mbili Nyuma ya Tela

Jumatano, 4 Juni

Ndiyo, litafika. Nimemjibu Verna hivyo mara tatu tangu chai ya asubuhi na bado anauliza. Litafika Whitehorse, litageuza, litarudi, na likipumzika siku mbili litataka kwenda tena. Tela zuri. Vitanda, jiko, choo, dirisha la kuangalia milima. Nimelitoa mnadani shambani kwa marehemu Wasyl, na watu walikuwa wananicheka, lakini watu wa hapa Poplar Coulee hucheka kwanza, halafu huja kuazima.

Verna anasema sakafu inabonyea. Nikamwambia inabonyea kwa heshima, inajua anayepita ni nani. Hakucheka.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yetu Larissa anajifungua tarehe ishirini huko Whitehorse, kaskazini alikoolewa. Mjukuu wa kwanza. Verna anataka awe pale mtoto akilia mara ya kwanza. Barabara ni kilomita elfu mbili na mia tano, na kuna sehemu unaenda nusu siku unaona miti na dubu tu, duka hakuna.

Lorne amekuja mchana. Lorne ni mwanyumba wangu, mimi nimeoa Verna, yeye kaoa dada mtu, Doreen. Na wao wanaenda, na tela lao jipya. Ukibonyeza kitufe, ukuta unatoka nje na sebule inakuwa pana. Lorne alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu kazi lakini hesabu hajaziacha. Safari nzima kaiandika kwenye jedwali. Petroli wapi, kulala wapi. Hata kukojoa kumepangiwa saa. Mimi shule niliiachia darasa la saba na nikikojoa nakojoa.

Akazunguka tela langu na tochi, mchana kweupe. Akasoma kibati pale mlangoni, eti tela hili lisizidi kilo elfu mbili na mia saba. Akaniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia hewa, mwanyumba, hewa tupu ya kijijini. Akasema basi Jumamosi tuyapime yote mawili kwenye mzani wa ghala la ngano, na Verna akaitikia kabla jamaa hajafunga mdomo.

Halafu Verna akatoa hukumu. Mzani ukikataa, au ukitokea ujanja wowote, kuna nafasi kwenye gari la Lorne na sanduku litahamia huko. Haendi kumsikia mjukuu kwa simu akiwa amekaa kando ya barabara analiwa na mbu.

Sawa. Nimebeba nguruwe mimi. Nimebeba piano mbili kwa siku moja, moja ikafika nzima. Nitaingia kwa mkwe wangu nimeshika usukani wangu mwenyewe. Babu anafika. Babu hafikishwi.

Alhamisi, 5 Juni

Sasa niandike ambacho Verna hajui.

Huko kaskazini migodini wamejaa vijana wa kwetu. Wanalipwa vizuri, wanakula vibaya. Mwanaume aliyelelewa na bibi wa Kiukraine, ukimwonyesha perohi, kama sambusa ya viazi na jibini ila imechemshwa, ina kitunguu na siagi juu, atalia. Nimemwona mmoja akilia harusini, na bibi harusi hakuwa wake.

Kwa hiyo nimeagiza dazeni mia tatu kwa kina mama wa kanisa. Wao kila Ijumaa wanakaa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa wanazibana kwa mkono. Wakauliza nyingi hivyo za nini. Ukisema biashara wanakutoza bei ya biashara. Nikasema za ubatizo wa mjukuu. Wakanibusu.

Za kugandishwa zinataka friza. Nimepata friza mbili za sanduku, zile ndefu zinazotosha ndama mzima. Nimeziweka nyuma kabisa kwa sababu mbele hazikupita. Vitanda vya nyuma nimeving'oa. Jenereta nimelifunga nje, kwenye bampa ya nyuma. Mbele, karibu na mlango, nimepanga magunia sita ya viazi na katoni za matango ya siki, maana kule kabichi moja bei yake unaweza kuoa.

Nikalijaribu mpaka makaburini. Mwendo wa sitini, sawa. Mwendo wa themanini, tela likaanza kutingisha mkia kama mbwa aliyesikia sahani. Pikapu yangu inayolivuta nayo ikaitikia. Tukawa tunacheza ngoma barabara nzima, mimi na tela, na mzee mmoja kwenye trekta akaingia mwenyewe kwenye mtaro bila kuombwa.

Upepo. Huku kwetu upepo hauna adabu.

Ijumaa, 6 Juni

Nilisahau kitu kimoja. Verna naye ni mama wa kanisa.

Amerudi saa kumi, unga mpaka kwenye viwiko. Akakaa. Akavua viatu polepole, na Verna akivua viatu polepole mimi huwa natafuta sababu ya kwenda zizini. Hatuna zizi tena.

Akasema, "Baba Larissa, leo nimebana perohi mia nne. Vidole sivisikii. Nikauliza, jamani, hizi zote za nani? Wakaniambia hongera."

Nikamwambia ni mapenzi yao tu kina mama wale.

Akasema wamempongeza kwa ubatizo wa mtoto ambaye hajazaliwa. Mmoja ameshaulizia jina. Mwingine analia tangu saa nne asubuhi kwa furaha. Na yeye amekaa pale katikati, anabana, anatabasamu, hajui aseme nini, anamfanyia kazi mume wake bila kujua. Akaniuliza kama najua mtoto husherehekewa baada ya kuzaliwa au kabla. Nikasema inategemea na mtu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikwenda akalifungua tela, akatazama friza, akatazama mahali palipokuwa na kitanda. Akarudi. Eti perohi zimeshabanwa, hatazitupa, dhambi. Mzani kesho saa nane. Ukikubali, tunakwenda naye na friza zetu na uzee wetu. Ukikataa, nakumbuka alichosema.

Nakumbuka. Jioni nilijaribu kupiga hesabu. Friza, jenereta, viazi, matango, perohi, maji ya tangi. Nilipofika elfu tatu niliacha kujumlisha. Hesabu ikishaanza kukutukana unaondoka, hukai kuisikiliza.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi wazo likaja lenyewe, nikiwa nanyoa.

Lorne na Doreen wamekuja na tela lao, wameegesha uani kwetu, wameingia kunywa kahawa. Lorne akiwa na kahawa na jedwali ana dakika arobaini. Mlango wa tela lao haukufungwa. Nani wa kumwibia mtu Poplar Coulee?

Mimi siibi. Mimi naongeza.

Magunia sita ya viazi, nikayahamishia bafuni kwao. Katoni za matango, chini ya kitanda chao. Boksi langu la spana, kabatini kwa Doreen, katikati ya nguo za ndani, anisamehe. Vyote nimevitoa mbele kwenye tela langu, maana ndivyo ninavyoweza kubeba peke yangu na mgongo huu. Friza zikabaki nyuma. Nikafikiri, Nestor, wewe ni hatari. Lako limepungua, la Lorne limezidi. Mwalimu wa hesabu aanguke mtihani mbele ya watu.

Ghalani Jumamosi wazee wote wako pale na vikombe vyao, kwa hiyo watazamaji walikuwepo. Nyuma yetu lori tatu za ngano zinasubiri. Colette ndiye mwenye mzani, na Colette haangalii sura ya mtu. Kwake ni namba tu.

Lorne akatangulia. Likapita. Nikamuomba Colette atazame tena. Akatazama, likapita tena. Kumbe dude lile linaruhusiwa kubeba karibu tani mbili zaidi ya langu, ungelitia ng'ombe wawili lingesema asante.

Zamu yangu. Kilo elfu mbili mia sita na arobaini.

Nilivua kofia. Niliwainamia wazee. Nilimgeukia Lorne nikamuuliza kama jedwali lake lina nafasi ya kuandika hiyo, au nimwazime kalamu. Verna alikuwa ameanza kutabasamu, naapa, upande mmoja wa mdomo.

Ndipo Colette akasema ndani ya kidirisha chake, "Mzee Hrycak, tenganisha na pikapu. Nipime na pua."

Nikauliza pua ya nini. Akasema mkono wa mbele unaokaa kwenye pikapu, lazima uwe na uzito wake, la sivyo tela linatingisha mkia barabarani. Nikasema hilo la kwangu ni upepo. Akasema tenganisha.

Nikafungua komeo.

Mkono wa tela haukushuka. Ulipanda. Ulinipita usoni polepole, kama mtu anayenyanyuka kanisani, ukaenda juu, na nyuma tela likakaa kitako juu ya jenereta. Pua mbinguni, makalio kwenye mzani. Ndani nikasikia friza zikiteleza zimalizie kile kipande kidogo kilichobaki, halafu sahani, halafu kimya. Maji ya tangi yakaanza kutoka mahali fulani.

Mzee mmoja akaweka kikombe chini apate kucheka kwa mikono yote miwili. Dereva wa lori la kwanza akauliza kama linaomba dua.

Colette akasoma namba. Akasema uzito umetimia vizuri, ila wote umehamia nyuma.

Na Lorne, ambaye alikuwa ameingia kwenye tela lake kunawa mikono, akatoka ameshika kiazi. Alikitazama. Akanitazama. "Mwanyumba," akasema kwa upole, "nina magunia sita bafuni. Yamepanda yenyewe?"

Nikamwambia viazi vya mwaka huu vina nguvu.

 Verna alikuwa anaangalia juu, ile pua ya tela. Tabasamu lilishaondoka.

Wanaume saba wamening'inia kwenye pua mpaka likashuka. Saba. Na hapo bado kuna mtu anaweza kusema tela halina nguvu.

Jumapili, 8 Juni

Nikaenda chumbani kuliaga sanduku la Verna kabla halijahamia kwa Lorne, sikulikuta. Lilikuwa kwenye tela letu. Langu ndilo lilikuwa kwenye gari la Lorne, kiti cha nyuma, karibu na blanketi la Sterling. Sterling ni mbwa wao. Mkubwa, anatoa mate.

Nikamfuata Verna uani. Alikuwa na Lorne tangu watoke kanisani. Friza wamezihamisha juu ya matairi. Viazi vimerudi mbele. Jenereta liko kwenye pikapu, tangi la maji limemwagwa. Lorne ana mstari wa chaki kwenye sakafu, anafurahi kama mtoto.

Nikamwambia Verna sanduku limekosea gari. Akasema halijakosea. Alisema ukitokea ujanja wowote sanduku litahamia kwa Lorne. Nimefikiri ni la nani? Yeye baba yake alimkabidhi lori la ngano akiwa na miaka kumi na mbili, na hajawahi kulikalisha kitako. Anataka kufika kabla ya mtoto. Kwa hiyo anaendesha yeye, na mjanja anakaa anakoonekana.

Nikasema pikapu ni yangu. Akanionyesha ufunguo. Ulikuwa unaning'inia kwenye msalaba wake, shingoni. Huo mtu huwezi kuunyakua.

Halafu akamalizia. Niliziagiza perohi kwa ajili ya ubatizo? Basi ni za ubatizo. Zote. Ameshawaambia kina mama, na padri naye anatuma chupa ya kitu. Hakuna kuuza hata moja. Uongo wangu, anasema, atautimiza yeye.

Nimekataa. Nimekataa kwa sauti kubwa, uani, mbele ya watu wawili na mbwa. Iandikwe hapa kwamba nilikataa.

Jumatatu, 9 Juni

Naandika gari likienda, ndiyo maana herufi zinaruka. Sterling amelaza kichwa kwenye paja langu na suruali imelowa. Doreen ameniuliza kwa adabu spana zangu zilikuwa zinatafuta nini kwenye sidiria zake. Lorne ametangaza kwamba tutakojoa saa nne na dakika ishirini.

Mbele yetu anakwenda Verna. Mwendo wa tisini, upepo wa ubavuni, na tela langu limenyooka kama uzi wa fundi. Halitingishiki hata kidogo. Nikamwambia Lorne, unaona? Tangu Jumatano nawaambia hili tela litafika. Lorne akasema friza zikikaa juu ya matairi ndivyo inavyokuwa. Nikamwambia tela ni tela, mwanyumba, nani alilinunua?

Mkono wa Verna uko nje ya dirisha. Nadhani anaimba. Atamkuta mtoto hajazaliwa, na babu atafika nyuma yake mita hamsini. Hiyo si kufikishwa. Hiyo ni kusindikiza.

Na nimefikiri jambo. Perohi zikishaliwa ubatizoni, friza mbili zitakuwa tupu, na huko kaskazini mito imejaa samaki, na porini pembe za paa wakubwa, zile wanazodondosha kila mwaka, zimelala bure, hazina mwenyewe. Kwetu Poplar Coulee mtu anaweka pembe juu ya gereji na anajiona waziri. Verna atakuwa na mjukuu mkononi, hatakuwa anahesabu mizigo. Samaki wananuka, kwa hiyo mbele hawafai.

Kwa hiyo wewe uliyeliokota daftari hili, nakupa nafasi ambayo Lorne hataisikia. Nusu kwa nusu. Mimi nina tela, wazo, na uzoefu wa mizani. Wewe lete friza ya tatu. Nafasi ipo, nimeshaipima kwa macho, nyuma kabisa.