Kondoo Kilema wa Misa ya Mavuno

Mwaka ule wa sabini na tatu, Ushirombo nzima ilikuwa na habari moja: paroko kamrudishia Askofu kondoo wake mbele ya altare, watu wakiona. Huyu Askofu wala si askofu. Ni Anatoli, mwenyekiti wa walei. Jina tulimpa sisi wa benchi la Spoku, fundi baiskeli, kwa anavyopenda kukaa mbele.

"Kondoo mwenyewe anachechemea!" alisema Spoku huku anaziba pancha. "Jicho moja halioni. Ulimtoa zizini au hospitali?"

"Padri kanionea. Eti Jumapili nilete mzima, la sivyo uenyekiti basi." Askofu alilalamika hivyo, nusura nimwonee huruma. "Mnyama asiye na doa ni mambo ya Agano la Kale, bwana. Yesu alishamaliza. Siku hizi Mungu anaangalia moyo."

"Basi na moyo wako una chongo," Spoku akamdaka.

Mabula, tuliyemwita Mpagani maana hajabatizwa na hana haraka, aliweka kikombe cha kahawa chini. "Mimi nauliza tu. Kama sadaka zilishakwisha, kile kikapu kinapita benchi hadi benchi kinatafuta nini?"

"Ile ni shukrani!"

"Haya. Sasa unayemshukuru ndiye unampa mbovu? Kwetu ukileta mnyama wa tambiko, wazee wanamkagua meno, kwato, mpaka mkia. Rangi ikikosewa tu, unarudi naye nyumbani."

"Ndiyo maana mko gizani," alijibu Askofu.

Mie kunyamaza siwezi. "Lakini Askofu, kwako si yupo yule dume mweupe pee, mnene? Mpeleke yaishe."

Akakohoa. "Yule... yule bado mdogo."

"Mdogo!" Spoku aliangusha tairi. "Pembe zimeshazunguka masikio!"

Mabula akageuka kutazama barabarani, nikajua huyu ana jambo. Kabla sijamchokonoa, akatokea Theopista, mke wa Askofu, anamvuta kwa kamba dume yule yule, uso kaukunja, njia ya misheni.

"Baba Limi, aibu imetosha. Nampeleka huyu."

Askofu aliruka, kahawa ikamwagikia magoti. "Wee mwanamke! Huyo ni wa mzimu wa babu! Tulishamtambikia, Mabula shahidi!"

Mwenyekiti wa walei! Hata Spoku alisahau pancha yake.

"Kumbe," alisema Theopista taratibu. "Basi babu yako mpe yule kilema. Si wanaangalia moyo?"

"Yaya! Hapana! Babu hapokei kilema, atatumaliza!"

Mama Limi hakusimama. Askofu akamfuata mbio, kofia mkononi, anambembeleza mkewe na kondoo kwa pamoja.

Mabula akainuka, akakung'uta suruali.

"Jumapili nakuja kanisani," alisema. "Nataka nimwone Mungu wenu naye akipewa kitu kizima."