Kuzibua Bomba Bila Kuchungulia

Mama Sofia,
Mtaa wa nyuma ya karakana za reli,
Gerezani, Dar es Salaam.
9 Februari, 1984.

Ndugu Mkubwa wa Mabomba ya Maji Machafu,

YAH: KUZIBULIWA BOMBA LANGU BILA KUCHUNGULIWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa ofisini. Sisi tu wazima, ila uani kwetu hakukaliki. Jina lako silijui, kwa hiyo ukiona humu ndani nakuita mwanangu usidhani nimekukosea adabu. Nina watoto wanne na mkono umezoea. Kuandika nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu Theopista alituambia mlalamikaji atie namba, mkubwa akose pa kuruka.

Shida yenyewe ni fupi. Nyumba yetu aliijenga baba mkwe wangu zamani za Mwingereza, na bomba la choo ni la umri huo huo. Tangu masika yaliyopita linaziba kidogo kidogo, sasa limegoma kabisa. Ukimwaga ndoo moja chooni, maji yanapandia kwenye chemba ya uani, pale mbele ya jiko. Na binti yangu Sofia anaolewa tarehe nne mwezi ujao, hapo hapo uani. Wakwe wanatoka Kilwa, watu thelathini. Watu thelathini, na pilau, na choo kimoja kinachorudisha. Hebu fikiria mwenyewe.

Nilipokuja ofisini kwenu kijana mmoja alinipokea vizuri. Akasema usiwe na wasiwasi mama, wiki ijayo inakuja Landrova yenye kamera, kamera itashushwa ndani ya bomba, ionyeshe palipoziba, ndipo tuchimbe. Nikamwuliza, kwani hamwezi kuzibua tu? Akacheka, akasema daktari hakati tumbo la mtu kabla ya kulipima. Ndiyo sababu ya barua hii. Naomba mzibue bila kuangalia. Sababu zangu ni hizi.

1. Picha ina utaratibu wake. Mtu akienda studio anaoga, anapaka wanja, anakaa kwenye kiti, na mpiga picha anamwambia tayari. Mimi nimepigwa picha mara mbili tangu nizaliwe na zote nilivaa viatu. Bomba langu mnataka kulipiga hivyo hivyo lilivyo, halijaoga zaidi ya miaka thelathini, tena bila kuliambia tayari.

2. Jumanne mlianza kwa jirani yangu, Mama Elieshi. Mafundi walishusha kitu kama kopo la maziwa, kina taa, kimefungwa kwenye waya mrefu, na juu ya boneti ya Landrova wakaweka kisanduku chenye kioo. Huku Bara televisheni hatuna, wanayo wenzetu wa Unguja. Kwa hiyo televisheni ya kwanza kuonekana mtaani kwetu ilikuwa choo cha Mama Elieshi. Watu walijaa mpaka barabarani. Mmoja alileta mkeka, mwingine karanga. Panya alipopita kwenye kioo walipiga makofi, na Mzee Bakili muuza kahawa akasema afadhali huyu, amepita na hajatuhutubia. Sasa mimi ni mama wa bi harusi. Sitaki mkeka mbele ya choo changu.

3. Kamera haina siri. Kwa Mama Elieshi iliona bomba limepasuka sehemu mbili, na mizizi ya mwarobaini imeingia humo kunywa maji. Hapo nawapa heshima yenu, kwa kuchimba ovyo wasingejua. Lakini afadhali wangeishia hapo. Mbele kidogo ikaona kijiko. Kijiko hicho, mwanangu, kilipotea mwaka juzi, na Mama Elieshi akamfukuza mpangaji wake Euphrasia akimwita mwizi. Na Euphrasia alikuwepo, amekaa mkekani. Alikitazama kioo, akamtazama Mama Elieshi, akamwuliza kwa upole kabisa kama angependa asaidiwe kukitoa. Tangu siku hiyo choo cha Mama Elieshi kinafanya kazi vizuri, ila yeye hatoki nje.

4. Tumeambiwa tujitegemee. Tunaye fundi Vitalis wa Buguruni, anazibua mabomba kwa fito ya mwanzi na sikio lake tangu sijaolewa. Anagonga, anainama, anasikiliza. Kamera ya kigeni ya nini? Nilimwita. Akasukuma fito, akasikiliza, akasema Mama Sofia, hapa hakuna mizizi wala mchanga, hapa kuna kitu laini, kama nguo. Nikamwambia umezeeka, Vitalis, nenda kapumzike. Hoja hii ya fundi Vitalis waweza kuiruka.

4 tena. Kuna maneno ya povu. Maji yanayoturudia yana povu jeupe, na harufu yake si mbaya sana. Majirani wanaulizana Mama Sofia anafua nini, wakati sabuni madukani haionekani. Mimi nawaambia ni hewa. Sitaki kamera ije kubishana na mimi juu ya hewa.

5. Ikiwa ni lazima mchungulie, anzeni kwa viongozi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Leodegar, kila mkutano anatuambia tuvumilie ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, kwamba na yeye anaula. Mimi namwamini. Tumbo lake ndilo linalomkana. Kamera ikishuka kwake mtaa mzima utajua huko chini kumepita njano au kumepita wali. Na msiishie kwa balozi. Nendeni kwa wa tawi, wa wilaya, wa mkoa, nyumba kwa nyumba, mpaka kule wanakolala kwa upepo wa bahari. Mkiwamaliza wakubwa wote ndipo mrudi Gerezani, nami nitawafungulia mlango. Nadhani Sofia atakuwa ana wajukuu.

6. Hii sikupanga kuiandika. Mwanangu, naogopa. Sofia siku hizi hanisemeshi vizuri. Sanduku lake la harusi nililijaza kwa miaka mitatu, doti moja moja ya khanga, kwa kupanga foleni Kariakoo tangu alfajiri, na sasa liko tupu. Ananiuliza mama, vitu vyangu viko wapi, mimi namjibu mambo ya pilau. Hilo la sanduku sina wa kumwandikia. La choo ninaye, ni wewe.

Kwa hiyo naomba fito ndefu, maji ya nguvu, na mafundi wanaojua kuangalia pembeni. Chochote kitakachotoka wakiache hapo hapo uani, wakifunike kwa gunia, waondoke. Chai ipo, ya sukari tusiahidiane.

Nisalimie mama watoto, yule kijana aliyecheka, dereva wa Landrova, na mtaalamu wenu wa kigeni aliyekula karanga zetu. Watoto wanakuamkia, shikamoo. Mzee Bakili anakusalimu, na anauliza onyesho lijalo ni lini, usimjibu.

Ni mimi, mama yako usiyemjua,
Mboni binti Kitwana (Mama Sofia).

Nyongeza. Nilishafunga bahasha, nimeifungua tena. Mwaka jana, ile wiki ya msako wa wahujumu uchumi, redio ilisema wenye kuficha bidhaa watakamatwa. Mimi nilikuwa na doti saba sandukuni na miche miwili ya sabuni. Sikujua kama doti saba ni kuficha bidhaa au ni kuwa na binti, na wa kumwuliza niliwaogopa. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, nikazifunga kwenye nailoni, nikafunua chemba, nikazisukuma ndani ya bomba kwa mchi wa kinu. Sabuni ikafuata. Baadaye nikasikia waliokuwa wakisakwa ni wenye maghala.

Basi leteni kamera. Njooni Ijumaa saa ya sala, na kioo kielekee ukutani. Mkiona fundo la nailoni ya bluu msilikate, vuteni polepole, nililifunga vizuri, maji hayaingii.

Ziko doti saba. Sofia zinamtosha sita, nawe una mama watoto.