Kitufe cha Sauti kwa Salamu za Mbaruku

Ijumaa, 2 Agosti 1957

Nimekubali. Mzee Miraji, mwenye bucha ya Bondeni, anamwoza binti yake Hadiya Jumamosi ijayo. Anataka santuri moja ipigwe ukumbini. Si ya muziki. Ni sauti ya kijana wake Mbaruku, aliyekwenda Malaya na jeshi mwaka wa hamsini na mbili, na hakurudi. Alirekodi salamu huko, zikaja kwa posta. Hadiya amesema bila sauti ya kaka yake yeye haolewi.

Kipkemei wa kinu cha unga alikuwa ashajitolea na gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono. Nikamweleza mzee kwamba ile sindano ya chuma italima santuri laini kama jembe. Mimi nina gramafoni ya umeme, yenye mkono mwepesi wa sindano, na amplifaya niliyoipata kwenye mnada wa jeshi Gilgil. Mzee akakubali. Akasisitiza jambo moja, mara mbili: sauti iwe chini. Chini kabisa, ya heshima.

Mzee ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, na kamati inatafuta mtu wa kushika vyombo vya sauti. Sikulitaja hilo. Nilikohoa tu.

Sikutaja pia kwamba amplifaya yangu haina pa kupunguzia sauti. Jeshi lilipang'oa. Ni kimya au ni ngurumo.

Jumapili, 4 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilichora nyuma ya kitabu cha nyimbo. Kisanduku cha bati, kati ya gramafoni na amplifaya. Hakina valvu, hakili umeme. Kitufe kimoja tu cha kuzungusha, cha kupunguza sauti. Rahisi. Lakini kitufe gani?

Baada ya ibada nilikwenda kwa Abdisalam, fundi wa redio. Akanitolea viwili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kinapanda sawasawa kwa kipimo, alisema, lakini sikio halipimi hivyo: ukikigusa tu, sauti inaruka. Cha pili kimetengenezwa kufuata sikio, kinapanda taratibu, ila kimezeeka na kinakwaruza. Akanishauri ningoje kipya kutoka Nairobi, siku kumi.

Sina siku kumi. Nikachukua cha kwanza. Kinang'aa.

Jumanne, 6 Agosti

Mzee Miraji amenikabidhi santuri, imefungwa ndani ya kanga. Akanikumbusha kwamba kila ikipigwa inachakaa kidogo, nisiipige ovyo.

Nimeipiga mara nne. Ningejaribuje kitufe bila kuipiga?

Abdisalam alisema kweli. Robo ya mzunguko, kimya. Unywele mmoja zaidi, mtu ananguruma kutoka Malaya hadi stesheni ya reli. Mtoto wetu aliamka akilia. Jirani aligonga ukuta. Mke wangu Wangeci aliuliza huyo kijana anasema nini. Nikamjibu sijui, nilikuwa natazama kitufe.

Alhamisi, 8 Agosti

Sijalala vizuri. Kazini, ofisi ya mizigo ya reli, nilituma sanduku la vifaranga Rongai wakati tiketi yake ilisema Naivasha. Karani mkuu amesema tutazungumza.

Nilirudi kwa Abdisalam kuchukua cha pili. Kinapanda vizuri, taratibu kama inavyotakiwa. Lakini kinakwaruza! Kila nikikizungusha ni kama mtu anatembea juu ya mahindi makavu. Nimepiga santuri mara tatu zaidi. Sauti ya kijana imeanza kuwa na mlio kidogo kama wa mvuke. Au ni masikio yangu. Naomba iwe ni masikio yangu.

Jioni Kipkemei alipita, ati kunisalimia. Alitazama kisanduku changu kwa muda mrefu. Akasema yeye akitaka kupunguza sauti anasokota soksi ndani ya pembe ya gramafoni. Nikamwambia huo ni ushenzi. Akaondoka akicheka. Ananisubiri nianguke.

Nimepata wazo. Sitatumia cha kwanza wala cha pili. Nina swichi ya kuzunguka iliyotoka kwenye redio ya jeshi, hatua kumi na mbili. Kwa kila hatua naweka kipande chake cha kuzuia sauti. Hakiruki, hakikwaruzi. Nimekosa vipande viwili vya katikati, vya hatua ya tano na ya sita. Nimeunganisha waya tu, usiozuia kitu. Nani atafika huko? Ya heshima ni hatua ya tatu.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika mara tu nilipofika nyumbani.

Ukumbi ulijaa. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, Hadiya katikati amefunikwa. Kipkemei alisimama mlangoni na gramafoni yake chini ya kwapa. Nikaweka santuri, nikashusha mkono taratibu, nikaweka hatua ya tatu. Sauti ikatoka ndogo, safi, ya heshima. Mzee Miraji akanitikisia kichwa, ndiyo. Niliona kazi ya ukumbi ikija.

Ndipo Mama Khamisa, mama wa Hadiya na Mbaruku, akasimama. Masikio yake yaliharibika na homa mwaka ule ule mwanawe alipoondoka. Hakuwahi kuisikia santuri ile. Maneno yake alikuwa akisimuliwa na mumewe. Akaja mbele, akainama juu ya spika, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akanitazama.

Ningefanyaje? Nikapanda hatua ya nne. Akatikisa kichwa, hapana. Nikapanda ya tano.

Madirisha yalilia. Watoto walikimbia nje. Na Mbaruku akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni:

"Mama, mimi mzima. Usilie. Cherehani yangu asiiuze mtu. Hiyo ni ya Hadiya, siku akiolewa."

Nilirudisha swichi mpaka mwanzo. Nilikuwa nimeipiga santuri ile mara saba nyumbani. Sikuwa nimesikia neno la cherehani hata mara moja.

Mama Khamisa hakulia. Alishika ukingo wa spika kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtu mabega. Kisha akageuka polepole kumtazama mumewe.

"Miraji," alisema. "Cherehani iko wapi?"

Mzee alikiri huku akitazama viatu vyake. Cherehani iliuzwa mwaka wa hamsini na tatu, na mama aliambiwa imekopeshwa kwa jamaa wa Gilgil.

Mama akaniambia nirudie. Nikasema inachakaa. Akasema nirudie. Nikarudia, hatua ya tano, na safari hii hakuna aliyekimbia. Hadiya alifunua uso ili asikie vizuri. Hata Kipkemei aliweka gramafoni yake chini.

Jumapili, 11 Agosti

Ndoa imefungwa. Mzee Miraji ameahidi mbele ya watu wote kumnunulia Hadiya cherehani mpya. Vyombo vya ukumbi atashika Kipkemei. Kamati imesema mtu wa soksi ana busara.

Wangeci alisema ningeisikiliza santuri mara moja tu, kwa utulivu, ningejua kwa nini mzee aliitaka chini. Sioni uhusiano. Kosa lilikuwa vipande viwili vya katikati.

Mchana Mama Khamisa alikuja mwenyewe, na sahani ya pilau. Akaketi mlangoni, akazungumza kwa muda mrefu, akifuta macho. Ilikuwa habari ya Mbaruku alipokuwa mdogo, nadhani. Sikushika yote. Nilikuwa nawaza hatua kumi na mbili ni chache mno. Ishirini na nne ndizo zinazotakiwa.