Mchanga Wangu Umehamia kwa Baltazari

Jumapili, 12 Machi 1978

Barua imefika kutoka Kasansa, kaileta dereva wa lori la mchele. Baba mkwe, mzee Damiano, anasema atamleta Marsela Jumamosi Kuu. Mke wangu anarudi! Nimeruka mpaka cherehani ikatikisika.

Kisha nikasoma mstari wa pili. Mzee anataka kula kuhe, yule samaki mkubwa wa kwenye kina, niliyemvua mwenyewe, kwa ndoano yangu, kwenye kiti changu, yaani mahali pangu pa kuvulia. Miaka mitatu namwandikia kwamba nawavua kila wiki. Asipomwona huyo kuhe, atapanda lori na binti yake warudi walikotoka.

Sijawahi kuvua kuhe hata mmoja. Mimi ni fundi cherehani. Kiti changu cha kuvulia nimekirithi kwa marehemu baba, kiko Kijitoni, pale kijito kinapoingia ziwani. Maji ya magoti, mchanga mtupu, ngege wadogo na kaa. Kuhe wote wako Mwambani, kwenye kiti cha jirani yangu Baltazari, ambako maji ni meusi kwa kina. Na hapa Ikola kiti cha mtu hakiguswi. Mnaweza kubadilishana tu, mkikubaliana. Mnakula ugali sahani moja mbele ya balozi wa nyumba kumi, mnanawa bakuli moja, neno limekwisha.

Siandiki kwa nini Marsela aliondoka.

Haya, naandika, daftari ni langu. Nilikata kitenge chake cha harusi nikashona tanga la mtumbwi. Mtumbwi wenyewe sikuwa nao bado. Nikamwambia kitenge kimepeperushwa na upepo. Akalikuta tanga chini ya kitanda. Alisema kitenge angekisamehe, ila uongo hapana.

Jumatatu, 13 Machi

Hila imepatikana! Baltazari akiona navuta kuhe Kijitoni, atakuja mwenyewe kuomba tubadilishane. Nimenunua kuhe mkubwa kwa Candide, mama wa Kirundi anayeuza samaki karibu na gati. Nikamfunga kwenye ndoano, nikamzamisha. Nikangoja Baltazari apite na watu wake. Nikapiga kelele, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikamrusha nchi kavu.

Wakamzunguka. Kumbe Candide alikwisha kumtumbua na kumpaka chumvi tumboni. Mimi jambo hilo sikuliangalia.

Baltazari hakucheka. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, ana adabu mno. Alisema tu kwamba Kijitoni kweli kuna baraka, samaki wanatoka majini wamekwisha kujiandaa. Waliocheka ni wale wengine. Bado nawasikia.

Jumatano, 15 Machi

Dhoruba kubwa jana, tangu adhuhuri. Mawimbi yalipanda mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Leo asubuhi nimeshuka Kijitoni. Mama yangu! Ukingo umeliwa hatua kumi. Jiwe la baba alilokuwa akikalia limezama. Mahali pa mchanga pamekuwa kama ukuta wa udongo, na chini yake maji yamechafuka, huoni kitu.

Nimekaa nikalia kidogo. Kiti cha baba! Halafu nikakumbuka kwamba Baltazari yuko Mpanda tangu jana, hajaona. Machozi yakakauka yenyewe.

Alhamisi, 16 Machi

Nimemdaka Baltazari akishuka kwenye lori, hata mzigo hajautua. Nikamwambia tubadilishane viti. Nikamwambia nataka kuwa karibu na mwamba kwa ajili ya mgongo wangu, nipate pa kuegemea. Alinitazama kwa huruma. Akasema kama ni mgongo, sawa.

Nikamvuta moja kwa moja mpaka kwa balozi, mzee Lyamba. Ugali wa maharage nilikuwa nimekwisha kuusonga, uko tayari kwenye kapu. Tukala, tukanawa. Mzee Lyamba aliuliza kama tumekwenda kuviona viti baada ya dhoruba. Nikamjibu haraka kwamba kiti ni kiti, hakina miguu. Mwambani ni kwangu! Baltazari anaparamia ukuta wa udongo! Mjinga kapatikana.

Ijumaa, 17 Machi

Mjinga ni mimi.

Nimekwenda Mwambani alfajiri na ndoano nne. Mwamba upo. Maji hayapo! Mbele ya mwamba pamejaa mchanga, mweupe, laini, mwingi. Nikaingia, maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Nikautambua mchanga ule. Ni wangu. Ulitoka Kijitoni, dhoruba ikaubeba mpaka huku. Hata kipande cha ubao nilichokuwa nakatia chambo nimekikuta humo.

Na Kijitoni? Pale mawimbi yalipokula ukingo ndipo palipochimbika kina. Baltazari kasimama juu ya ukuta wa udongo, anavuta kuhe wa tatu. Alinipungia mkono, akauliza mgongo unaendeleaje.

Jumapili, 19 Machi

Matawi. Baada ya misa nimempelekea balozi shauri langu. Nimesema tulibadilishana viti, hatukubadilishana mchanga. Mchanga wa baba yangu hauwezi kukaa Mwambani bila ruhusa, kwa hiyo mapatano yamevunjika.

Mzee Lyamba akasema nina haki kabisa. Mchanga ni wangu, nikauchukue.

Jumanne, 21 Machi

Naubeba. Karai mia moja na sita tangu jana. Nachota mbele ya mwamba, namwaga nyuma. Ikifika jioni nimechimba shimo la kunitosha kiunoni. Asubuhi ziwa limelijaza tena, limelisawazisha kama kitanda kilichotandikwa. Sasa mgongo unauma kweli.

Nilimwomba Baltazari turudishiane. Akasema angependa, lakini mkewe amefurahi sana.

Ijumaa, 24 Machi

Ijumaa Kuu. Sikufanya hila yoyote leo, kwa heshima ya siku. Nilifikiria mbili tu.

Baltazari kaja jioni na kuhe mzima, hajatumbuliwa, mkubwa kama mkono wangu wote. Akasema nimchukue, nimwambie mzee nimemvua mimi, yeye hatasema neno. Nimemtundika jikoni kwa kamba. Nimesimama mbele yake kwa muda. Jicho lake lilinitazama kama Marsela alivyonitazama ameshika lile tanga.

Jumamosi, 25 Machi

Wamefika saa nne. Marsela kanenepa kidogo, kapendeza mno. Nilisahau kumpokea mzigo. Mzee Damiano hakutaka hata maji. Alimwona kuhe jikoni, akaniambia, haya mkwe, nionyeshe na kiti alikovuliwa.

Tukashuka Mwambani. Mzee kaangalia maji. Hata kuku angevuka pale kwa miguu. Akageuka kunitazama, nikafungua kinywa. Uongo ulikuwa tayari, mzuri kabisa, kuhusu ziwa kupungua tangu asubuhi. Marsela alikuwa ananiangalia.

Nikasema yote. Kuhe ni wa Baltazari. Sijawahi kuvua kuhe maishani. Kiti nilikibadilisha kwa hila, hila ikanirudia. Na kitenge hakikupeperushwa na upepo. Nikasema nimemkumbuka Marsela mpaka nashona suruali za watu mguu mmoja mrefu.

Mzee akakohoa. Marsela alivua viatu, akanyanyua gauni, akaomba nimpe kapu langu la chambo. Kwao Kasansa mvua ikijaza majaruba ya mpunga, wanawake wanavua ngege kwa vikapu. Akainama, akalikokota kapu, akainua. Ngege saba! Akarudia. Tisa! Mchanga wangu ulikuwa umejaa ngege na mimi nawakanyaga wiki nzima kwa karai.

Tumekula ngege. Kuhe tumemrudishia mwenyewe. Mzee alisema hajaona samaki aliyevuliwa na mkwe wake, ila kasikia neno la kweli, na hilo ni adimu kuliko kuhe. Marsela kasema anabaki. Kasema kiti hiki anakipenda, asikiguse mtu, hasa mimi.

Nimelia tena. Safari hii sikukumbuka jambo lolote la kunikausha.

Jumatatu, 27 Machi

Mzee kaondoka na lori jana baada ya misa ya Pasaka. Tulimsindikiza, mimi na mke wangu.

Leo asubuhi Baltazari kaja mwenyewe! Mkewe kaona ngege wa Marsela, sasa hataki tena Kijitoni, anataka maji ya vikapu. Anauliza kama niko tayari kurudishiana. Akanionya kwamba ukingo wa Kijitoni una nyufa, kila usiku unamegeka kidogo, nifikirie vizuri.

Nyufa! Mtu anayekupa kitu kizuri kwa shingo upande lazima akitie kasoro. Mimi si wa kudanganywa. Kuhe wanne alivua pale juzi, nimewahesabu kwa macho yangu. Ugali tumekwisha kula. Mzee Lyamba alitunawisha, akatikisa kichwa, sijui kwa nini.

Nimekwenda kupaangalia. Nyufa zipo, ndogo tu, kiganja changu kinaingia bila shida. Nimeweka kigoda changu pembeni kabisa, ambako kina ni kizuri. Upepo umeanza kuvuma kutoka ziwani, lakini ziwa haliwezi kunigeuka mara mbili katika mwezi mmoja.

Marsela kachukua kapu, anashuka kuelekea Mwambani huku anaimba. Sijamwambia bado. Akirudi nitamwambia kiti kimechukuliwa na mawimbi.