Laptop Imeanikwa na Mahindi

Leo nimeaibika, jameni. Nimeaibika mbele ya mama mkwe, mbele ya wakubwa, mbele ya kuku.

Mnajua vile nimetafuta kazi tangu niolewe hapa Eldoret. Sasa kampuni moja ikaniita interview ya online. Kazi yenyewe ni kupokea simu za watu wenye kompyuta zimewasumbua, uwaelekeze. (Mimi huyu. Nielekeze watu.)

Nikavaa blauzi ya kanisa. Chini, leso na gumboots. (Kwani wataona miguu?) Nikaingia mapema, laptop ikaniambia ningoje niitwe.

Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Moiben na kibuyu cha mursik, maziwa ya kulala. Akaona natetemeka. "Kunywa maziwa, upate nguvu. Utaongea aje na wakubwa na tumbo tupu?"

Nani anakataa mursik ya mama mkwe? Nikasimama kwa heshima nipokee kikombe na mikono mbili. Nikasahau niko na earphones masikioni. Waya ukavuta kikombe, ukachomoka, na mursik yote ikamwagika kwa keyboard. Woi! Skrini ikazima, giza.

Nikaanza kulia. Mama akanishika bega. "Mahindi ikinyeshewa tunafanya nini?"

"Tunaanika."

"Basi!"

Msiniulize akili ilikuwa wapi. Tukaibeba hadi nje, tukaiweka juu ya turubai katikati ya mahindi tuliyoanika asubuhi, imefunguka wazi, inaangalia jua. Mama akaanza kugeuza mahindi na miguu. Mimi nikakaa chini na gumboots zangu, nikalia vizuri sasa.

"Hata hivyo wangeninyima, Mama! Sijui kitu ya kompyuta! Hata CV iliandikwa na mtoto wako!"

"Nyamaza. Pengine hata hao wakubwa hawajui."

Kuku akapanda keyboard, akaanza kudonoa. "Toka hapo, shetani!" nikapiga kelele.

Sauti ya mwanamume ikatoka ndani ya mahindi, pole pole: "Madam, tunakusikia."

Mama akaruka!

"Na tunakuona," sauti ya mwanamke ikaongeza. "Gumboots ni safi."

Kumbe ni skrini tu ilikuwa imekufa. Kamera iko hai, maiki iko hai, wametuona tangu sebuleni.

Nikapiga magoti kwa mahindi, nikakaza leso, nikasalimia ile giza.

Mwanamume akakohoa. "Swali la kwanza. Mteja akimwagia kompyuta kitu, utamwambia afanye nini?"

Hiyo naijua! Nilisoma jana! "Azime mara moja, achomoe chaja, aipindue imwage, na asiiwashe mpaka ikauke kabisa!"

"Vizuri sana. Na yako umezima?"

Nikaangalia kuku. Kuku akaniangalia.

"Bado," nikasema.

Halafu nikasikia watu wazima wakicheka mpaka mmoja anaomba maji. Wamesema watanipigia. Mama naye ameigeuza laptop upande ule mwingine, anasema ikipata jua ya jioni itakuwa sawa.

Tafadhali msicheke. Siku yako ukimwagia kompyuta chai na upige simu kuomba msaada, omba sana isiwe mimi nimeshika.