Spika za Edwin na Geti ya Virginia

Jumatatu, 8 Juni 2009

Kamati ya akina mama imekaa kanisani. Jumamosi tutafanya matembezi ya amani kutoka mtaa wetu wa West Indies mpaka mtaa wa Munyaka, tukawasalimie majirani waliotuhama ile Januari ya mwaka jana, wakati wa vurugu za uchaguzi. Shirika fulani litaleta fulana na soda. Swali lilikuwa moja: gari ya nani itaongoza ikicheza nyimbo?

Nikainua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza. Gari ya Edwin! Mwanangu ni mwalimu, na amenunua stesheni wagoni kutoka Japani, bado ina harufu ya meli. Seline naye akasema shemeji yake ana pikapu. Pikapu ya kubeba kabeji! Kwa upole niliangalia tu viatu vyake.

Imeamuliwa magari yote mawili yaje Alhamisi. Yenye sauti ya kupendeza ndiyo itaongoza.

Sababu yangu naiandika hapa tu. Virginia anakaa Munyaka. Miaka tisa tuliuza sweta za mitumba kwa meza moja. Siku aliyoondoka na godoro kichwani, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Niliogopa. Tangu siku hiyo hatujaongea, hata salamu. Nikienda peke yangu anaweza kukataa kunifungulia geti. Lakini gari inayoongoza watu mia mbili ikisimama pale, atakataaje?

Jumanne, 9 Juni

Nimejaribu redio ya gari. Ukiwasha, mwanamke anakuongelesha Kijapani, kwa adabu sana. Halafu stesheni zinaishia tisini, na zetu nyingi ziko juu ya hapo. CD inacheza, lakini spika ni zile zile za kiwandani, karatasi tupu. Ukiongeza sauti, kwaya inakuwa kama bisi kwa sufuria.

Nikaenda kwa Mabonga, fundi wa redio za magari. Alisema nibadilishe spika mbili tu, za milango ya mbele, saizi ile ile, za bei ya kawaida. Ndani ya mlango atabandika kapeti kuukuu ili bati lisitetemeke. Basi. Kila neno litasikika.

Nikamuuliza kama Seline amepitia hapo. Akasema yeye haongei mambo ya wateja. Maana yake amepitia! Nikataka kuona spika kubwa kuliko zote. Akatoa boksi ungefikiri ni jeneza la mbuzi, na amplifaya yake. Imeandikwa wati elfu moja mia mbili.

“Mama, hiyo namba kubwa ni majigambo ya boksi,” akaniambia. “Uliza ile ndogo iliyoandikwa nyuma.”

Sikuuliza. Darasa la saba nilikuwa wa tatu, na hesabu ndiyo ilinibeba. Elfu moja mia mbili inashinda namba ya nyuma.

Nimemlipa kwa bale moja ya sweta. Na baridi hii ya Eldoret, yeye ndiye amefaidika.

Jumatano, 10 Juni

Mabonga amefunga kila kitu Edwin akiwa kazini. Mtoto wangu anaenda shule kwa miguu ili gari isichafuke. Hayo ni malezi.

Amerudi akafungua buti. Hakuna buti, ni spika. Tairi la akiba limekaa kiti cha nyuma, limefungwa mkanda kama abiria. Edwin aliongea kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Sikuelewa yote lakini kilikuwa Kiingereza kizuri sana.

Alhamisi, 11 Juni

Ushindi!

Pikapu ilianza. Nitasema ukweli, ilisikika vizuri, maneno safi kabisa, mpaka mchungaji akafuta macho ubeti wa pili. Seline amebadilisha spika mbili za mbele tu. Maskini.

Halafu sisi. Madirisha ya kanisa yaliitikia. Kibao cha namba ya gari kililegea skrubu moja. Mchungaji alishika kifua. Kwaya yenyewe haikusikika, lakini nyimbo hizo nani hazijui? Mwenyekiti akasema gari ya Edwin itaongoza. Mwenyekiti ni binamu yangu, lakini hiyo haihusiani.

Seline alisema hiyo si sauti ya wimbo, ni sauti ya watu wanaovunja mlango. Wivu.

Jumamosi, 13 Juni

Fulana zote zilikuja saizi moja, ya mtu ambaye hayuko kanisani kwetu. Yangu ilifika magotini. Nilikaa mbele, dirisha wazi, nikipunga mkono.

Tulisimama mara tatu kwa hotuba. Kila mara nilimwambia Edwin azime injini isiharibu muziki, lakini muziki uendelee. Ofisa wa shirika aliongea juu ya amani mpaka soda zikapata joto. Edwin akasema betri itaisha. Nikamkumbusha ni nani aliyemzaa.

Tukaingia Munyaka. Dum, dum, dum. Ajabu, hakuna mtu aliyetoka kutushangilia. Mama wa kioski alifunga dirisha lake na mbao. Baba mmoja aliokota mtoto barabarani akakimbia naye ndani. Mageti yakafungwa, moja, nyingine, nyingine, nasikia minyororo. Seline akatoka nyuma mbio mpaka dirishani kwangu, akanisihi nizime, eti watu hawa mlio kama huu walishausikia usiku, ile Januari. Nikaona ni mambo ya pikapu bado. Nikaongeza.

Mbele ya geti ya Virginia gari ikazima. Yote. Hata yule mwanamke wa Japani hakusema kitu. Edwin akazungusha ufunguo: tik.

Watu mia mbili kwa fulana, na kimya. Nilisikia kuku. Hakukuwa na lingine la kufanya, nikashuka, nikagonga kwa mkono wangu. Kidogo tu.

“Nani?”

“Ni mimi. Mama Edwin.”

Ikachukua muda. Halafu mnyororo.

Virginia amekonda. Aliangalia fulana yangu kutoka juu mpaka magotini.

“Ni wewe unapiga hiyo kelele?”

Nikasema ni mtoto wangu, Edwin.

“Mwaka mmoja na nusu, Jeruto. Na kutoka kwako mpaka hapa ni kutembea tu.”

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilimwambia siku ile nilikuwa nyuma ya pazia.

“Najua,” akasema. “Niliona vidole vyako.”

Akamzuia mbwa kwa mguu. Mwishowe akasema maji ya chai yako motoni, na kama nitaingia niingie, mbwa anataka kutoka.

Tulikunywa vikombe viwili vya chai. Tuliongea juu ya bei ya sweta na magoti yake. Nje, pikapu ya kabeji iliwasha gari yetu kwa waya za betri. Sikuangalia upande huo.

Akinisindikiza aliniambia: “Njoo Jumanne. Kwa miguu.”

Jumapili, 14 Juni

Nimefikiria vizuri wakati wa mahubiri. Kosa limejulikana: betri. Moja haitoshi. Na wale watu walifunga mageti kwa sababu hawakusikia maneno. Wangesikia ni kwaya, wangetoka. Kwa hivyo Mabonga ataongeza betri ya pili, na juu ya paa aweke spika ya honi. Nimemtumia ujumbe. Amejibu kwamba ni siku ya Bwana, lakini hajakataa.

Edwin ameficha ufunguo. Hamjui mama yake.

Kuhusu Jumanne, Virginia alisema nije kwa miguu, lakini nawajua watu wenye heshima. Hakutaka kunisumbua. Atafurahi akinisikia nikiwa bado West Indies.